Chai nyeusi ni ipi? Historia ya jina linalotuchanganya kikombeni

Dada yangu mkubwa alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake, muuguzi wa kliniki alimpima damu akamwambia kuwa imepungua. Akampa vidonge vya madini ya chuma pamoja na karatasi ya maagizo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Agizo mojawapo lilisema: "Epuka chai nyeusi wakati wa chakula na unapomeza dawa." Dada yangu si mtu wa kupuuza maagizo. Siku hiyo hiyo aliacha chai nyeusi. Miezi miwili baadaye alirudi kliniki damu ikiwa imeshuka zaidi, akalazwa na kuongezwa chupa mbili za damu.

Nilipokwenda kumjulia hali wodini, nilimkuta Mama ameketi kando ya kitanda, ameshika themosi, anammiminia chai kwenye kikombe cha plastiki. Sahani ya ugali na managu ilikuwa bado magotini pa mgonjwa.

"Si uliambiwa uache chai?" nikamuuliza dada.

Alinitazama kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Ndugu yangu, strungi niliacha kitambo. Hii ina maziwa."

Mama naye akaingilia kati. "Hata majani nimepunguza, maziwa nikaongeza. Mtu mwenye mimba si anataka nguvu?"

Mpenzi msomaji, upungufu wa damu una sababu nyingi, na singependa kuibebesha chai lawama zote. Lakini jioni ile niliondoka hospitalini nikiwa na hakika ya jambo moja. Dada yangu alitii kwa uaminifu agizo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa, huku akilivunja mara tatu kwa siku lile alilokusudiwa. Aliyeandika karatasi hakuwa na nia mbaya, wala aliyeisoma hakuwa mjinga. Wawili hao waliachana njia katika kivumishi kimoja tu: nyeusi.

Katika makala ya leo ninataka tulifuate jina hili tangu lilikotoka, kwani bila historia yake hatuwezi kuelewa hata habari njema zinazoandikwa kila uchao kuhusu manufaa ya chai nyeusi kwa afya.

Jani moja, majina mengi

Tuanze shambani. Chai zote zinazostahili jina hilo, iwe ya kijani au nyeusi, hutoka kwenye mmea mmoja ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Mchumaji wa Kericho, Nyamira, Murang'a au Nandi huchuma majani mawili na chipukizi. Kinachoamua aina ya chai ni yale yanayotendeka baada ya hapo.

Majani yakipashwa moto mapema, hubakia na ukijani wake. Hiyo ndiyo chai ya kijani. Lakini yakiachwa yanyauke, yakasagwa au kuviringwa, kisha yakaachwa yapigwe na hewa, vimeng'enya vilivyomo huanza kazi. Jani la kijani hugeuka rangi ya shaba, harufu hubadilika, na kemikali nyingine huzaliwa, zikiwemo theaflavini na thearubigini ambazo ndizo huipa chai wekundu na ukali wake. Likishakaushwa kwa moto, jani huwa jeusi. Hiyo ndiyo chai inayoitwa nyeusi katika biashara ya dunia, na ndiyo inayotoka katika karibu viwanda vyetu vyote nchini Kenya.

Wachina, ambao ndio walioanza kuitengeneza katika milima ya Wuyi mkoani Fujian karne ya 17, hawakuiita nyeusi. Waliiita "hongcha", yaani chai nyekundu. Wao walitazama maji yaliyomo kikombeni. Waingereza waliponunua chai hiyo hawakutazama kikombe. Walitazama masanduku bandarini. Walichokiona ni majani makavu, meusi, yaliyotofautiana na yale ya kijani waliyokuwa wakinunua vilevile. Wakayaita "black tea". Basi tangu mwanzo, bidhaa ni ile ile, lakini mmoja alitaja rangi ya maji na mwingine akataja rangi ya jani.

Baadaye Kiingereza kikajiongezea utata mwingine. Katika lugha hiyo, kahawa isiyotiwa maziwa ni nyeusi, na chai isiyotiwa maziwa vilevile huweza kuitwa nyeusi. Kwa hivyo neno moja likabeba maana mbili ambazo hazina undugu. Maana ya kwanza inahusu kilichofanyiwa jani kiwandani. Ya pili inahusu kilichofanyika, au ambacho hakikufanyika, jikoni. Mwingereza hubainisha kwa muktadha. Sisi tuliotafsiri tukaubeba mzigo mzima bila kuufungua.

Chai iliingiaje Kiswahilini?

Neno lenyewe "chai" lina safari ndefu. Lugha nyingi za dunia hugawanyika makundi mawili kuhusu kinywaji hiki. Walioipokea kwa njia za bara la Asia walichukua matamshi ya "cha", na hapo tunapata "chai" ya Kihindi na Kiajemi, "shai" ya Kiarabu na "çay" ya Kituruki. Walioipokea kupitia Waholanzi, waliofanya biashara na wasemaji wa lugha ya Fujian, walichukua "te", nako tukapata majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kiswahili kimo katika kundi la kwanza, jambo linaloonyesha kuwa neno lilitufikia kwa upepo wa Bahari ya Hindi, si kwa mkono wa Mwingereza.

Hata hivyo, kahawa ilitangulia kutia mizizi. Ushahidi upo mdomoni mwetu. Mahali tunapokwenda kunywa chai na mandazi tunapaita mkahawa, neno lililotokana na kahawa. Hatukuwahi kuwa na "mchai" wa kukaa watu. Mchai kwetu ni mmea. Na mmea mwingine kabisa, ule wenye harufu ya ndimu unaotiwa katika birika, tukauita mchaichai kwa sababu ya kazi unayofanya ndani ya chai.

Hapa niwakumbushe wanafunzi wetu kuwa "chai" haimo katika ngeli ya KI-VI ijapokuwa inaanza kwa "ch" kama chakula na chombo. Ni neno la mkopo. Tunasema chai hii, chai nyingi, chai yangu. Si "chai hiki" wala "chai kingi". Ukisikia mtu mzima anasema "chai changu kimepoa", mrekebishe kwa upole, halafu umpashie moto.

Je, wazee wetu wa pwani waliiitaje chai isiyotiwa maziwa? Wana majina kadhaa, na ndiyo yanayonifurahisha zaidi. Kuna "chai ya rangi", jina linalotumika hadi bara na hadi Tanzania. Kuna "strungi" au "turungi", ambalo ni neno la Kiingereza "strong" lililovishwa irabu za Kiswahili likatembea mtaani hadi likasahau kwao. Na kuna "chai ya mkandaa".

Mkandaa ni nini? Ni mmojawapo wa miti ya jamii ya mikoko inayoota kwenye matope ya bahari, kuanzia Lamu kwenda chini hadi Rufiji na kupita. Kwa karne nyingi miti ya mikoko ilikatwa boriti zikasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba. Magome ya mkandaa nayo yalikuwa na kazi yake: huchemshwa yakatoa maji mekundu yanayotumiwa kutia rangi na kutengeneza ngozi. Aliyeona chai isiyo na maziwa kwa mara ya kwanza kando ya bahari alikumbuka sufuria ya magome. Akaiita mkandaa.

Ona maajabu, msomaji. Mswahili wa pwani, bila kuwasiliana na Mchina wa Wuyi, alitazama mahali pale pale alipotazama Mchina: ndani ya kikombe. Wote wawili waliona wekundu. Tena jina la Mswahili lina elimu ya ziada ambayo nitairudia punde, kwa maana kilichomo katika gome la mkandaa na kilichomo katika jani la chai ni ndugu wa ukoo mmoja.

Jinsi maziwa yalivyoshinda

Tuje sasa nyumbani. Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka wa 1903 huko Limuru, na walowezi waliotumia mbegu kutoka India. Kwa miaka mingi ilikuwa kama mchezo wa bustani. Biashara kamili ilianza katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa kutoka Uingereza zilipopata ardhi Kericho na kufungua mashamba mapana. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa, na machungu hayo hayajaisha hadi leo.

Mwafrika alikuwa mchumaji, hakuwa mkulima. Mlango ulianza kufunguliwa kwa upana katika miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kuruhusu mazao ya biashara katika mashamba ya Waafrika. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati kule Nyeri, kilianza mwaka wa 1957. Mwaka wa 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo maalumu, na mwaka wa 1964 ikazaliwa KTDA. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka wa 1956 ulihamia Mombasa mwaka wa 1969. Leo Kenya huongoza ulimwenguni kwa kuuza chai nyeusi katika nchi za nje.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa wale waliopanda vijimashamba vya kwanza katika kijiji chetu. Nilipokuwa mtoto nilibeba kikapu mgongoni kabla ya kubeba mkoba wa shule. Tulizijua habari za kituo cha kununulia majani, mizani, na bonasi ya mwisho wa mwaka iliyolipa karo au kuleta ugomvi. Hata hivyo, sikumbuki kusikia mtu yeyote kijijini akisema "chai nyeusi". Shambani tulisema "majani". Kiwandani yalikoenda, yaligeuka kitu kilichorudi dukani kwa pakiti, nacho tulikiita "majani chai". Kilichokuwa kikombeni kilikuwa "chai" tu, na maana yake haikuhitaji maelezo: maji, maziwa, majani na sukari, vyote vimechemshwa katika sufuria moja. Njia hiyo inafanana zaidi na ya Wahindi kuliko ya Waingereza, ambao huweka majani katika buli na kuongeza maziwa baridi mezani.

Kwa Mkenya wa bara, basi, chai ni ya maziwa hadi itakapotajwa vinginevyo. Ukiingia mkahawa wowote ukasema "leta chai", utaletewa yenye maziwa. Ukitaka nyingine lazima useme: ya rangi, strungi. Nayo strungi ilikuwa na aibu yake. Ilikuwa chai ya bweni, chai ya kibarua, chai ya nyumba ambayo ng'ombe amekauka. Mgeni akiandaliwa strungi, mwenye nyumba huomba radhi kabla ya kumimina. Mama alikuwa akituma mtoto mbio kwa jirani kuomba kikombe cha maziwa mgeni anapoonekana langoni, kwa kuwa kumpa mgeni "maji ya rangi" kulikuwa karibu sawa na kumfukuza.

Katika mazingira hayo ndipo tafsiri ya "chai nyeusi" ilipotua. Ilikuta watu ambao tayari wana tofauti moja kubwa vichwani mwao: yenye maziwa na isiyo na maziwa. Tofauti ya kiwandani, ya jani lililopigwa na hewa na lile lisilopigwa, hawakuwa nayo, kwani chai ya kijani haikuwa dukani. Msomaji yeyote mwenye akili timamu angeelewa "chai nyeusi" kuwa strungi. Dada yangu alikuwa na akili timamu.

Hebu tazama jani lile lile likisafiri. Pakiti inayonunuliwa mnadani Mombasa huenda ikafika Pakistan, mteja wetu mkubwa, ikachemshwa na maziwa mengi mazito. Sehemu nyingine ya chai hiyo hiyo huenda ikafika Misri, ikanywewa katika gilasi ndogo bila tone la maziwa. Kwa mfanyabiashara, zote mbili ni chai nyeusi. Kwa dada yangu, ya Misri ndiyo nyeusi na ya Pakistan siyo.

Watafiti wanaposema "chai nyeusi"

Sasa tupime uzito wa jambo hili. Mwaka wa 2022, jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia takriban watu nusu milioni nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 10. Wengi mno wa wanywaji wa chai miongoni mwao walikunywa chai nyeusi. Ilibainika kuwa waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 9 hadi 13 ikilinganishwa na wasiokunywa chai. Huo ni utafiti wa kutazama mienendo ya watu; hauthibitishi kuwa chai yenyewe ndiyo sababu. Lakini ni habari njema, nayo ilienea mitandaoni kwa kasi.

Ilifikaje kwetu? "Chai nyeusi huongeza maisha." Nilimsikia jirani yangu, mzee mstaafu, akitangaza kuwa ameacha maziwa kwa sababu ya afya. Ng'ombe anaye, na anammwagia ndama maziwa huku yeye akikunja uso juu ya strungi. Kumbe watafiti wale walisema wazi kuwa matokeo yalikuwa hivyo hivyo iwe mtu ametia maziwa na sukari au hakutia! "Nyeusi" yao ilikuwa ya jani. "Nyeusi" ya mzee wetu ilikuwa ya kikombe.

Sitaki kudanganya kuwa swali la maziwa halijawahi kuulizwa na wanasayansi. Mwaka wa 2007 watafiti wa Berlin walichapisha katika European Heart Journal matokeo ya jaribio dogo la wanawake 16. Waliona kuwa chai ilisaidia mishipa ya damu kutanuka vyema, na kuwa maziwa yalizuia faida hiyo. Kwa hivyo anayependa strungi ana sababu ya kuipenda. Lakini jaribio la watu 16 si sababu ya kumwadhibu mtu mzima asubuhi, na mtu asichanganye jaribio hilo na ule utafiti mkubwa kwa kuwa tu yote mawili yametafsiriwa kwa neno moja.

Sasa nirudi kwenye mkandaa kama nilivyoahidi. Kinachofanya gome la mkandaa litengeneze ngozi ni kemikali ziitwazo tanini. Hizo hushikamana na protini za ngozi zikaifanya isioze. Chai nayo ina kemikali za ukoo huo. Ndizo zinazokupa ukakasi mdomoni ukinywa chai iliyokolea, ukakasi ule ule wa ndizi mbichi. Kemikali hizo zina tabia nyingine: zikikutana tumboni na madini ya chuma yatokanayo na mimea, kama vile maharagwe, managu, terere na sukuma wiki, huyashika, yakapita bila kuingia mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 katika British Journal of Nutrition ulionyesha kuwa kikombe cha chai nyeusi pamoja na mlo wa mkate kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Na watafiti hao walipojaribu kutia maziwa, hali haikubadilika kwa kiasi cha maana.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, hasa akina mama waja wazito na wenye watoto wachanga. Maziwa hayaondoi tatizo. Yanalificha tu. Yanatia weupe juu ya wekundu, ukakasi ukapungua mdomoni, tukadhani umetoka. Jina "mkandaa" lilikuwa limetuambia tangu zamani kuwa ndani ya kikombe mna kitu cha jamii ya magome. Jina "nyeusi" halikutuambia lolote ila kutuelekeza kwenye maziwa.

Kinga yake ni rahisi wala haigharimu senti. Chai inyweni, lakini si pamoja na mlo, wala msimezee vidonge vya kuongeza damu. Acha kama saa moja ipite. Chungwa au pera baada ya ugali na mboga husaidia mwili kufyonza chuma. Na chai isiwe ya kuunguza: mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi yamkini husababisha saratani ya umio, iwe ni chai, kahawa au kinywaji kingine chochote. Wale wanaojisifu kuwa hunywa chai "ikiwa bado inatokota" wapunguze majivuno. Kuhusu sukari, vijiko vinne katika kikombe kimoja haviwezi kusamehewa na theaflavini yoyote.

Tuite nini?

Kazi ya mwanalugha si kulalamika tu. Kuna wanaosema tuache mambo yalivyo, lugha itajirekebisha yenyewe. Wapo pia wanaotaka tubuni istilahi mpya kabisa. Mimi nasimama katikati, kwa kuwa maneno tayari tunayo ila hatujayagawia kazi.

Kwanza, tunapozungumzia bidhaa ya kiwandani, tutaje jani: "majani meusi ya chai" na "majani ya kijani ya chai". Neno "majani" likitangulia, hakuna atakayefikiria maziwa. Pili, tunapozungumzia kinywaji kisicho na maziwa, tuseme "chai ya rangi", "strungi" au "mkandaa", kila mmoja kulingana na kwao. Maneno haya hayana utata hata chembe. Tatu, neno "chai nyeusi" peke yake, pasipo maelezo, lisitumiwe katika karatasi ya hospitali, kitabu cha shule au habari ya afya gazetini.

Mgawanyo huu una umuhimu hata kwa aina mpya. Mwaka wa 2011 watafiti wetu wa chai kule Kericho walitoa mbegu bora ya TRFK 306, ambayo majani yake shambani ni ya zambarau. Inaitwa chai ya zambarau. Lakini majani hayo ya zambarau yakipitishwa kiwandani kwa njia ya kawaida huweza kutoka yakiwa meusi, na yakipashwa moto mapema hutengenezwa kwa njia ya chai ya kijani. Kwa hiyo tuna rangi ya shambani, rangi ya kiwandani na rangi ya kikombeni. Anayetaja rangi bila kutaja mahali amesema nusu ya habari.

Ile karatasi ya kliniki ingeandikwaje? Ningeandika hivi: "Usinywe chai yoyote ya majani, iwe na maziwa au bila maziwa, pamoja na chakula au dawa hizi. Subiri saa moja." Ni maneno machache zaidi ya yale ya awali. Yangemtosha dada yangu, tena angeyafuata kikamilifu, kwani yeye ni mtu wa kufuata maagizo.

Alitoka hospitalini baada ya siku nne. Mtoto alizaliwa salama, msichana, na mwaka huu yuko darasa la tatu. Nilipowatembelea likizo iliyopita tulikula ugali na managu mchana, nikangoja chai kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Haikuja. Nilipochungulia jikoni nikamkuta mpwa wangu amekaa juu ya kigoda mbele ya sufuria, anatazama saa ya ukutani.

"Mjomba, bado dakika kumi na tano," akaniambia. "Mama amesema ikitangulia itakula managu yako."

Ilipofika, nilipewa ya maziwa, kwa kuwa mimi ni mgeni. Dada alijimiminia mkandaa.